Njia ya Kushuka

Tuliondoka Kutaisi alfajiri, Julai ya kuozesha matikiti,
mimi na Nugzari na Lada yake nyeupe
ambayo mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba ya kiatu.
Miaka thelathini na moja ya ndoa, na likizo yetu ndiyo hii:
siku tisa, pesa za meno niliyong'oa,
kikapu cha matango na jibini, na ugomvi mmoja
tulioubeba kutoka nyumbani ungali mbichi.

Barabara ya Svaneti haipandi mlima. Inauzunguka
kama mtu anayetafuta pa kuanzia kuomba radhi.
Ng'ombe wamelala katikati ya lami, honi hawaijali.
"Viziwi kama mimi," akasema, akacheka peke yake.
Masikio yake aliyaacha karakana ya treni,
nyundo kwa nyundo, mshahara kwa mshahara.
Sasa ana kifaa cha rangi ya ngozi, ukubwa wa haragwe,
na kwa hicho husikiliza redio kutwa kucha:
bei ya ngano, mawaziri, mpira.
Mimi hujibiwa "mm."

Ushguli. Minara ya mawe imesimama kijijini
kama majirani waliokosana wakasahau sababu.
Theluji juu ya Shkhara, Julai hii hii, bila haya.
Bi Pirimze, mwenye nyumba, alitukatia mkate wenye nyama ndani,
akauliza kama tumekuja fungate.
Nugzari akajibu ndiyo. Nikamfinya.
Usiku baridi ilitufuata hadi magotini.
Tulilala tumekumbatiana kwa sababu blanketi lilikuwa moja,
tuseme ni kwa sababu ya blanketi.

Asubuhi aliuliza, mguu mmoja garini:
"Hatujasahau kitu?"
Nikasema hatujasahau.

Zugdidi, kwenye pampu ya petroli, akajipapasa sikio.
Kimya.
Akapekua mifuko, chini ya kiti, ndani ya kikapu,
akafungua hata karatasi ya jibini.
Kurudi ni mwendo wa saa sita, mashimo na kona.
Aliutazama mlima, akanitazama mimi,
akawasha gari kuelekea baharini.

Basi tukawa hivyo. Poti, tukila samaki wa kukaanga
huku korongo za bandari zikiinua makontena,
nilisema chumvi imezidi
naye akaweka uma chini ili anione nikisema.
Nikiomba maji, ananitazama.
Nikisoma bango la barabarani kwa sauti, anageuka,
mpaka nikampigia kelele: macho mbele, utatuua!
Sijatazamwa hivi tangu nilipokuwa na nywele hadi kiunoni.
Nilianza kupaka rangi ya mdomo asubuhi.
Nilianza kusema mambo yasiyo na maana.

Batumi ilitupokea kwa mvua,
maghorofa ya vioo yakiwa yamekatwa vichwa na mawingu.
Ufuko wa huko hauna mchanga, ni kokoto tupu;
wimbi likirudi, zote huguna pamoja,
na yeye hakuzisikia, nikampigia mlio wake
kwa vidole, juu ya kiganja.
Tukanunua mahindi ya kuchemsha kwa kijana mwenye ndoo.
Tukakaa juu ya taulo lililolowa.

Hapo ndipo nilipolisema, bila kupaza sauti:
"Nilikiona. Kilikuwa dirishani kwa Bi Pirimze,
kando ya kopo la maua mekundu.
Nilikiona mara mbili. Nikakiacha."

Aliutazama mdomo wangu muda mrefu,
hata baada ya mdomo kunyamaza.
Akanitoa punje ya hindi kidevuni.
Akasema, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:
"Daktari, una jino limeoza. La juu, kulia."

Ni kweli.
Limeoza tangu majira ya baridi.